FUTARI YAKO IMETOKA SHAMBA GANI?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Kisegi, na kuandikwa kwa ajili ya wasomaji wa jarida letu la Ramadhan)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote, anayeteremsha mvua na kuihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote. Ama baad.



Mada niliyopewa ni kilimo na chakula. Najua wapo watakaoguna: "Ramadhan yote hii tumekuja kusikia habari za samadi?" Ndiyo, ndugu yangu, na habari za samadi pia. Mwezi huu tunafunga tumbo kutwa nzima, na jua likizama jambo la kwanza tunalolifanya ni kula. Basi si vibaya tukajiuliza: kile tunachofuturia kimetoka wapi, nani amekilima, na mwakani tutakipata kwa bei gani?

HEBU TUKIHESABU KILICHO MEZANI

Chukua futari ya kawaida ya nyumba zetu. Kuna uji, chai, ugali au wali, maharage, mboga, labda omena au samaki, na tende kwa aliyejaaliwa. Sasa fuata kila kitu nyuma hadi kilikotoka. Mchele tunaokula Kenya kwa sehemu kubwa huagizwa nje, na mwingi ni wa Pakistani. Mafuta ya kupikia mengi ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia. Ngano ya mandazi na chapati nyingi huja kwa meli. Unga wa mahindi tunaununua dukani kwa pakiti, na hali mahindi tunalima sisi wenyewe! Tuliyavuna, tukayauza kwa bei ya chini siku ile ile kwa sababu ya karo na madeni, halafu baada ya miezi michache tunayarudia dukani yakiwa yamevaa karatasi.

Mwaka 2022 sote tuliona. Vita vilizuka kule Ukraine, mbali na sisi kabisa, lakini bei ya mafuta ya kupikia na ngano ikapanda hadi kwenye duka la kijijini. Pakiti ya unga ya kilo 2 ikapita shilingi 200. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 ukapita shilingi 6,000. Mwezi wa Julai serikali ikatia ruzuku ili unga ushuke hadi shilingi 100, na ruzuku yenyewe haikudumu. Tulikuwa na ardhi, na nguvu za mikono, na ziwa liko hapo, na bado tulikuwa tunasikiliza redio ili tujue kama tutakula.

Na hilo ziwa nalo tusilitegemee kama zamani. Kijana akikosa kazi tunamwambia, "Shuka ziwani." Lakini wavuvi wameongezeka na samaki wamepungua. Omena wenyewe, ambao ndio kitoweo cha mtu wa chini, sehemu yao kubwa inasagwa ikawa chakula cha kuku na mifugo. Na kwa miaka mingi imekuwa kawaida uvuvi wa omena kufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili wazaane. Tazama miezi hiyo vizuri. Ndiyo miezi ile ile ambayo mahindi ya mwaka jana yamekwisha ghalani na ya mwaka huu bado yako shambani. Milango miwili ya riziki inafungwa kwa wakati mmoja, na mama wa nyumbani ndiye anayebaki katikati na sufuria yake.

RAMADHAN HAIMNGOJI MKULIMA

Kalenda yetu ya Kiislamu hufuata mwezi. Kila mwaka Ramadhan hurudi nyuma kiasi cha siku 11 katika kalenda ya kawaida, na katika muda wa miaka 33 hivi huwa imezunguka majira yote. Iko miaka inaangukia wakati wa mavuno, tukafuturu mahindi mabichi na kunde mbichi. Iko miaka inaangukia wakati wa njaa. Mwaka 2026 imeingia mwezi wa Februari, wakati wa kutayarisha mashamba na kungojea mvua za masika, na ghala nyingi zimeshaanza kulia. Mwaka 2030, inshaallah, zitapita Ramadhan mbili katika mwaka mmoja, ya kwanza ikianza Januari na ya pili ikianza mwishoni mwa Disemba.

Maana yake ni kwamba hatuwezi kutegemea Ramadhan itukute na chakula kwa bahati. Ni lazima tujipange mwaka mzima. Na kujipanga kwenyewe kunaanzia kwenye udongo.

UDONGO UMECHOKA

Wazee waliopo hapa wanakumbuka shamba la baba zao lilivyokuwa likitoa. Wanajua pia linavyotoa leo. Tumelima mahindi juu ya mahindi, msimu baada ya msimu. Mabua tumeyachoma moto au tumewapa ng'ombe, na samadi hatukuirudisha. Mvua ikinyesha katika vilima vya Gwassi maji yanateremka na udongo wa juu kuupeleka ziwani. Udongo ukishachoka, maadui wawili wanaingia.

Wa kwanza ni kayongo, lile gugu lenye maua mazuri ya zambarau ambalo ndugu zetu wa Tanzania huliita kiduha. Kayongo halishindani na mahindi juu ya ardhi kama magugu mengine. Linashika mizizi ya mahindi au mtama huko chini na kunyonya, na ukija kuliona limechipuza juu, hasara imeshapita. Mche mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni zikiwa hai zaidi ya miaka kumi. Wako watu mpaka leo wanaodhani shamba lenye kayongo limerogwa. Halikurogwa, ndugu zangu. Limechoka na limeambukizwa.

Wa pili ni funza wanaotoboa mabua ya mahindi. Nondo hutaga mayai usiku, na funza wakianguliwa huingia ndani ya bua na kula kutoka ndani. Tangu 2017 ameongezeka na mwenzao, yule kiwavi jeshi vamizi aliyetoka mabara ya Amerika, anayekula hadi kwenye kitovu cha mche.

Mkulima anafanya nini? Anakwenda agroveti. Ananunua dawa, ananunua mbolea, anakopa. Sisemi mbolea ya dukani ni haramu, wala sisemi haifanyi kazi. Nasema ni hatari kuitegemea peke yake. Mwaka 2023 serikali iliishusha bei hadi shilingi 2,500 kwa mfuko kwa njia ya ruzuku, na tukashukuru. Mwaka uliofuata, 2024, ikabainika kwamba mifuko mingi iliyouzwa katika mpango huo haikufikia kiwango, na wakulima walikuwa wameshaitia shimoni pamoja na mbegu. Mvua haikungoja uchunguzi umalizike.

ELIMU IKO HAPO MBITA

Watu wengine wanafikiri kilimo hai ni kurudi kulima kama babu, bila elimu. Si hivyo. Moja ya elimu kubwa za kilimo hai duniani imekuzwa hapa hapa kwetu, Mbita, katika kituo cha ICIPE. Taasisi hiyo ya utafiti wa wadudu iliasisiwa mwaka 1970 na Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo, na kituo cha Mbita leo kinaitwa kwa jina lake. Katika miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE, akiwemo Profesa Zeyaur Khan, walishirikiana na wenzao wa KARI na wa Rothamsted ya Uingereza, wakatengeneza njia inayoitwa sukuma-vuta.

Njia yenyewe ni hii. Katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa. Kuzunguka shamba unapanda mistari mitatu ya nyasi za napia. Desmodiamu hutoa harufu ambayo nondo hawaipendi, basi wanasukumwa kutoka kwenye mahindi. Napia nayo hutoa harufu inayowavuta, wanakwenda kutaga huko pembeni, na funza wengi wakijaribu kutoboa napia hunaswa na utomvu wake wakafa.

Na kayongo je? Hapo ndipo penye ajabu ya Muumba. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kayongo zichipuze, na kemikali nyingine zinazozuia mzizi wake usishike mahindi. Linaamka halafu linakufa. Kila msimu hazina ya mbegu zake udongoni inapungua. Juu ya hayo desmodiamu inarutubisha udongo, inaufunika usikauke, na pamoja na napia unapata majani ya ng'ombe na mbuzi. Ng'ombe akila anatoa maziwa na samadi, na samadi inarudi shambani.

Kwa sehemu zenye ukame na joto kama za kwetu ilitengenezwa aina ya pili, inayotumia desmodiamu inayovumilia jua, na nyasi za brakiaria badala ya napia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa katika mashamba ya wakulima wa Kenya, Uganda na Tanzania, ulionyesha kwamba katika mashamba ya aina hii kiwavi jeshi vamizi alipungua kwa zaidi ya asilimia 80 kuliko katika mashamba ya mahindi matupu.

Lakini tuambiane ukweli wote, maana kumficha mkulima gharama ni kumdanganya. Mbegu ya desmodiamu ni ghali na si kila agroveti wanayo. Msimu wa kwanza desmodiamu huchelewa kukua, na lazima upalilie kwa mkono na kwa subira usije ukaing'oa ukidhani ni gugu. Kila msimu kabla ya kupanda mahindi unaipunguza isiyafunike. Na mama zetu watauliza, "Maharage yangu nitapanda wapi?" Swali zuri. Yanaweza kupandwa pamoja na mahindi katika mstari ule ule. Baada ya kazi hiyo ya mwanzo, desmodiamu na nyasi hukaa miaka, huzipandi upya.

TUFANYE HESABU YA GOROGORO

Tuseme nyumba ya watu sita inatumia gorogoro moja ya mahindi kwa siku, yaani kilo 2. Kwa mwaka ni kilo 730, karibu gunia nane za kilo 90. Sasa, ICIPE wanaeleza kwamba wakulima wengi wa mahindi wa eneo hili walikuwa wakipata kiasi cha tani 1 kwa hekta, na waliofuata sukuma-vuta vizuri wakafikia kama tani 3.5. Tuigeuze kwa eka moja. Tani 1 kwa hekta ni kama kilo 400 kwa eka. Hizo zinakulisha siku 200, halafu unaanza kununua. Tani 3.5 kwa hekta ni kama kilo 1,400 kwa eka.

Utaniambia shamba langu ni baya, siwezi kufika huko. Haya, chukua nusu yake, kilo 700. Bado ni siku 350. Nyumba imekaribia kumaliza mwaka bila ya kubisha duka. Tofauti ya kununua unga miezi mitano na kununua wiki mbili ndiyo tofauti ya mtoto kubaki shule au kurudishwa nyumbani.

SAMADI, MBOJI NA MITARO

Asiyekuwa na desmodiamu leo asikae akingoja. Mboji haina gharama ila jasho. Panga tabaka la mabua makavu, tabaka la majani mabichi, tabaka la samadi, nyunyiza udongo na majivu kidogo, mwagia maji, funika. Geuza kila baada ya wiki tatu. Katika miezi mitatu hivi una mbolea nyeusi inayonuka udongo mzuri. Ile tithonia, ua la njano mfano wa alizeti linaloota kando ya barabara, majani yake yana rutuba nyingi sana, na sisi tunayapita kila siku. Gugu maji linalowasumbua wavuvi ziwani, likianikwa, nalo linaingia katika mboji. Samadi usiiache juani na mvuani, rutuba yake itapotea. Irundike, ifunike, kisha tia viganja viwili kwa kila shimo la mahindi.

Shamba likiwa na mteremko, chimba mitaro ya fanya juu. Jina hilo la Kiswahili, ambalo wataalamu wa nchi nyingi wanalitumia vile vile lilivyo, limetokana na wakulima wa Ukambani waliochimba mtaro na kurusha udongo upande wa juu. Kando yake panda nyasi zishike udongo.

Wala mtu asidhani mambo haya ni ya wageni. Katika karne ya 12, huko Seville ya Andalusia, Mwislamu aitwaye Ibn al-Awwam aliandika kitabu kizima cha kilimo, akaeleza aina za udongo, aina za samadi na namna ya kuiivisha, kwa mazao mamia. Wanazuoni wetu hawakuona aibu kuandika habari za mavi ya ng'ombe, na sisi tusione aibu kuyabeba.

MBOGA ZA MAMA NA MBEGU ZA BIBI

Osuga, dek, apoth, boo. Mnavu, mgagani, mrenda, kunde. Kuna kipindi mboga hizi zilionekana chakula cha maskini, na mgeni akija tunakimbilia kabichi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, mtafiti wa Kikenya, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba mboga hizi za kienyeji zina madini na vitamini nyingi, mara nyingi kupita kabichi, na zinakomaa upesi. Dek unaweza kuanza kuchuma baada ya wiki kama tatu au nne. Ukipanda leo, unachuma Ramadhan haijaisha. Asiyekuwa na shamba ajaze gunia udongo na mboji, atoboe pembeni, apande. Maji ya kuoshea mboga yanatosha kulinywesha.

Ongeza na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, kama aina ya Kabode na Vita. Vinampa mtoto vitamini A, na vinakaa ardhini vikingoja uvichimbe. Ongeza mtama na muhogo, kwa sababu mvua ikikata mapema mahindi hayana huruma.

Na mbegu tuzitunze. Kwa miaka mingi sheria ya mbegu, iliyorekebishwa mwaka 2012, ilimtishia anayeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kwa kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Wakulima wadogo 15 walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo bibi akikupa konzi ya mbegu za kunde, ipokee kwa mikono miwili.

HARAKA HARAKA HAINA BARAKA

Hapa nawausia vijana wenye moto. Mwaka 2021 serikali ya Sri Lanka ilipiga marufuku mbolea na dawa za kemikali nchi nzima kwa ghafla, wakulima wakiwa hawajafundishwa wala hawana mboji ya kutosha. Mavuno ya mpunga yakaanguka, bei zikaruka, na kabla mwaka haujaisha amri ikaanza kuondolewa. Kosa halikuwa mboji. Kosa lilikuwa kulazimisha kwa siku moja jambo linalotaka misimu kadhaa. Basi usirudi nyumbani leo ukamwambia mzee, "Tupa mbolea yote." Mwambie, "Baba, nipe robo eka nijaribu." Msimu mmoja, miwili, mitatu, mzee aone kwa macho yake.

Na wazee nanyi, wapeni hiyo robo eka. Mtume (s.a.w.) alimhimiza mwenye ardhi ailime, na kama hailimi ampe ndugu yake ailime. Kuna mashamba yamelala hapa kwa sababu mwenyewe yuko Nairobi, au kwa sababu ndugu hawasikilizani, huku kijana amekaa juu ya bodaboda ya mtu mwingine akingoja abiria. Tena msisahau dada zetu. Kazi ya jembe kubwa inafanywa na wanawake, lakini wakati wa kuamua nini kipandwe na kiuzwe nini, wanaambiwa wakapike. Anayejua sufuria inataka nini asikae nje ya kikao.

FUNZO LA NABII YUSUF (A.S.)

Sote tunakijua kisa cha ndoto ya mfalme wa Misri. Nabii Yusuf (a.s.) aliifasiri, akaongeza na mpango: walime miaka saba, watakachovuna wakiache ndani ya masuke yake isipokuwa kile kidogo cha kula, ili kiwafae katika miaka saba ya ukame. Tazama, Nabii wa Mwenyezi Mungu anafundisha namna ya kuweka nafaka. Kula kwa kipimo, na hifadhi isiharibike.

Kuhifadhi vibaya kunaua. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yaliyoingia ukungu wa sumu, aflatoksini. Mahindi hayo yaliwekwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo anika juu ya turubai, usianike juu ya udongo mtupu. Kabla ya kuweka, jaribu kwa chumvi: tia konzi ya chumvi kavu na mahindi ndani ya chupa kavu, tikisa dakika chache, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudi juani. Ikikauka sawasawa, tumia yale magunia yasiyopitisha hewa. Fukusi na dumuzi wanakosa pumzi wanakufa, bila ya dawa ya unga kuchanganyika na chakula cha watoto. Yaliyooza usimpe maskini wala usimpe ng'ombe.

KUTOKA KUPOKEA HADI KUTOA

Ndugu zangu, hapa ndipo nilipotaka tufike. Kila Ramadhan tunangoja. Tunangoja wafadhili walete mchele, sukari na tende. Mwenyezi Mungu awalipe, wala hatuwakatai. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mkono wa juu, unaotoa, ni bora kuliko mkono wa chini. Mkono wa Kisegi utakaa chini mpaka lini?

Zaka ya mazao iko katika dini yetu. Nafaka inayomea kwa mvua hutolewa sehemu moja ya kumi, na iliyomwagiliwa kwa gharama sehemu moja ya ishirini, kwa sababu sheria inamwonea huruma aliyetoka jasho zaidi. Kiwango chake ni wasaki tano, ambazo wanazuoni wengi wa siku hizi hukadiria karibu kilo 650, yaani gunia saba na kidogo. Sasa rudi kwenye hesabu yetu. Eka ya kilo 400 haifiki. Eka ya kilo 700 imefika. Maana yake kuitengeneza eka moja kunaweza kumtoa mtu katika orodha ya wanaopewa na kumweka katika orodha ya wanaotoa. Muulize sheikh wako ufafanuzi, lakini jambo lenyewe ndilo hilo.

Na Zakatul Fitri nayo ni pishi moja ya chakula cha watu wa mahali, kama kilo 2 na nusu kwa kila mtu. Chakula chetu hapa ni mahindi na mtama. Nyumba ya watu sita inahitaji kilo 15 tu. Weka nia kwamba Ramadhan ijayo, inshaallah, hutakwenda dukani kununua kitu cha kutolea fitri. Utakwenda ghalani kwako.

Tuanze basi, kila mmoja kwa uwezo wake. Kabla Idi haijafika, kila nyumba iwe na shimo au rundo moja la mboji na gunia moja la mboga. Vijana kumi wafanye chama, wachange, waende Mbita waulize na kuona wenyewe, warudi na mbegu ya desmodiamu ya robo eka moja ya pamoja. Kila mavuno, kabla ya kuuza hata gorogoro moja, toeni kwanza chakula cha nyumba na mbegu. Na msiwasahau majirani, Mwislamu na asiye Mwislamu, kwa elimu na kwa chakula. Kayongo halitazami dini ya mwenye shamba.

Mtume (s.a.w.) ametubashiria kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, basi huandikiwa sadaka. Hata kunguru anayekuibia mtama, ndugu yangu, anakuandikia thawabu, ingawa unaruhusiwa kumfukuza! Tena ametufundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mkononi mwako una mche, ukiweza kuupanda, upande. Kama mche haukuachwa siku hiyo, sisi wa leo tuna udhuru gani, na mvua ya masika inakuja?

Ewe Mola wetu, zikubali funga zetu, tubarikie ardhi yetu, mvua yetu na mikono yetu, na utujaalie tuwe wenye kulisha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.